Siku Bibi Alipotuongoza Kijiji cha Makumbusho

Je, mama msomaji, ni mara ngapi umemsikia kondakta wa daladala akiita, "Makumbusho! Makumbusho!" nawe ukapanda, ukashuka na kuendelea na shughuli zako? Sisi tunaokaa Dar es Salaam tumelizoea jina hilo mpaka limekuwa jina la kituo tu. Wengi wetu tumesahau kwamba kituo kimelipata kwa jirani yake, Kijiji cha Makumbusho, kilicho kando ya barabara ya Bagamoyo, yapata kilometa 10 kutoka katikati ya jiji.

Nasi tulikuwa hivyo hivyo. Tuko akina mama saba wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopeshana. Siku moja mtoto wa mwenzetu alirudi na swali la shuleni: "Mama, nyumba ya msonge ina vyumba vingapi?" Mama yake, mzaliwa wa Ilala, akamwambia amuulize baba. Baba akamwambia amuulize bibi. Bibi, ambaye alikuwa amekuja kutoka Bukoba kutibiwa macho, akacheka. "Swali hilo halijibiwi tukiwa mezani," akasema. "Nipelekeni penye nyumba yenyewe."

Basi tukapanga Jumamosi moja, tukafunga chakula, tukawakusanya watoto, tukaondoka.

Nyumba badala ya kabati za vioo

Wengi hudhani makumbusho ni chumba chenye kimya, vitu vya kale ndani ya vioo, na mlinzi anayekataza kugusa. Makumbusho ya Taifa yaliyo mjini, mtaa wa Shaaban Robert, yalianza kwa namna hiyo. Yalifunguliwa kwa watu mwaka 1940, wakati wa ukoloni, kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Miaka michache baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, Kijiji hiki kilianzishwa kwa wazo jingine: kama mwananchi haji kuona vitu kwenye vioo, basi ajengewe nyumba anayoifahamu.

Ndiyo maana humo mna nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania. Tuliiona tembe ya Wagogo, ndefu na fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo. Tuliiona nyumba ya Wazaramo, ya pembe nne. Watoto waliingia na kutoka, wakachungulia majiko, wakabishana juu ya vinu na mitungi. Wachongaji na wachoraji walikuwa kazini, na mtu anaweza kununua moja kwa moja kwa fundi. Ngoma nazo huchezwa kwa ajili ya wageni. Zilipolia, watoto wetu hawakungoja kuambiwa. Walikwisha kuingia uwanjani.

Hizi zote ni njia za Kijiji kujitangaza. Bango la barabarani humwita mtu mara moja, lakini mtoto aliyecheza ngoma atamsumbua mama yake mpaka arudishwe.

Ndani ya msonge

Tulipofika kwenye msonge wa Wahaya, ulioezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, kijana aliyekuwa akituongoza alianza kutueleza. Alieleza vizuri. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kuvua ndala mlangoni, akainama na kuingia mbele yetu, akipapasa nguzo kwa kiganja kwa sababu macho yake hayaoni vema gizani.

"Shikamoo Bibi," kijana akamwambia. "Naona wewe ni mwenyeji. Karibu utufundishe."

Tulimpenda kijana yule kwa neno hilo. Angeweza kuendelea na maelezo yake aliyoyazoea, lakini alimpisha mzee.

Bibi akamshika mjukuu mkono. "Wewe uliuliza vyumba vingapi. Hapa hatuhesabu vyumba kwa milango, tunahesabu kwa kazi. Hapa pa moto. Huku pa kulala. Hapa mgeni hukaribishwa. Kule mifugo hulala. Na chini hutandikwa nyasi, nazo sharti mwanamke azibadilishe, maana nyumba ya mwanamke hujulikana kwa nyasi zake." Wageni wengine ambao hatukuwajua nao wakaingia, wakasimama kusikiliza. Msonge ukajaa.

Mwenzetu, mkwewe, akamwuliza kwa upole, "Mama, mbona hukuwahi kutuambia haya?"

Bibi akanyamaza kidogo. "Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Hata baba yao sikumwambia. Msonge wa mwisho kijijini kwetu ulikuwa wa shangazi yangu. Ulipoanguka tulijenga ya bati, tukafurahi. Nilidhani habari zake zimekwisha."

Hapo kila mmoja wetu alimkumbuka mama au bibi yake. Wawili kati yetu hawana tena wa kumwuliza.

Mgeni anapokuwa mwenyeji

Tangu miaka ya 1990 Kijiji cha Makumbusho kimekuwa kikiandaa siku za utamaduni, ambapo kabila fulani hualikwa kuonyesha mila zake. Wazee na akina mama wa kabila hilo hushiriki wenyewe: huleta vyakula, mavazi, ngoma na maelezo. Tunaamini hiyo ndiyo busara kubwa kuliko mabango yote. Mtu akiombwa atoe anachokijua, pale panakuwa kwake. Atarudi, tena atakuja na jamaa zake.

Isitoshe, nyumba za udongo na nyasi hazidumu bila matunzo. Mvua na mchwa hazina huruma, na paa sharti liezekwe upya. Kiingilio tunachotoa, ambacho kwa mwananchi ni nafuu kuliko kwa mgeni wa nje, ni mchango wetu katika kazi hiyo.

Ukitaka kwenda

Mama mwenzetu, nenda na mzee. Kama huna wako, mwombe wa jirani. Waambie watoto kila mmoja aandae swali moja kabla ya kutoka nyumbani. Wavalishe viatu vya kutembelea, beba maji na kofia, kwa kuwa sehemu kubwa ni uwanja wa wazi. Usiwaharakishe: nyumba nne zilizoelezwa vema zinatosha kuliko zote zilizopitwa mbio. Na kama uko mbali na Dar es Salaam, kumbuka kwamba Mei 18 kila mwaka ni Siku ya Makumbusho Duniani. Ulizia makumbusho ya mkoani kwako wameandaa nini.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Lakini mtoto hawezi kuacha wala kushika asichofundishwa. Kufundisha ni juu yetu.

Jioni ile, tukiwa kituoni, kondakta aliita, "Makumbusho! Makumbusho!" Yule mjukuu akamwambia kwa fahari, "Sisi tumetoka ndani!" Kisha akamgeukia Bibi: "Kesho utaniambia habari za shangazi yako?"

Bibi akasema, "Kwa nini kesho? Safari ni ndefu. Kaa hapa."