Mizani ya Nyama

Wapo watu wanaodhani kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi na hadithi za kale tu, na kwamba chombo kilichoundwa jana kwa vyuma vya baiskeli hakiwezi kuhesabiwa humo. Sisi hatuafiki. Utamaduni ni pia namna watu wanavyotumia akili na mikono yao kujitimizia haja zao, na namna wanavyogawana kilichopatikana. Tutatoa mfano mmoja mdogo, wa chombo cha kuchomea nyama. Mfano huo una aibu yetu wenyewe ndani yake.

Tulipokuwa watoto huku kwetu Mara, tuliona nyama ikichomwa kwa vijiti vilivyochomekwa ardhini kando ya moto. Njia hiyo yafaa sana kwa mapande madogo. Lakini paja zima la ng'ombe, au mbuzi mzima, hutaka kuzunguka polepole karibu na makaa, ili joto lifike mfupani kabla nje hakujaungua. Kwa hiyo jamaa zetu wa Butiama walipotupa habari ya arusi ya mpwa wetu, tuliazimia kuunda chombo cha kuzungushia nyama.

Musoma tulipata ufito wa chuma wenye urefu wa mita 2 na unene wa milimita 25, pamoja na vyuma vya kufanyia nguzo mbili. Bomba la maji lililopakwa zinki tulilikataa ingawa bei yake ilikuwa nafuu, kwani zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Bunda, fundi wa baiskeli alituuzia gurudumu la meno 48, jingine la meno 16, na mnyororo. Lile kubwa tulilifunga kwenye ufito, na lile dogo kwenye mkono wa kuzungushia. Mwanafunzi wa hesabu ataona faida yake mara moja: mkono ukizunguka mara 3 nyama huzunguka mara 1, na kazi huwa nyepesi.

Siku ya arusi tulikisimamisha chombo uani. Watu wakakisifu, nasi tukavimba kichwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tulimchoma mbuzi ufito kwa haraka, tukakaza uma mbili za kumshikilia, tukatandaza makaa chini yake. Haikupita saa moja nyama ikaanza kwenda kwa kuruka: upande mmoja ukishuka kwa kishindo na kupanda kwa taabu. Uma zikalegea. Mwishowe ufito ukawa unazunguka peke yake, nayo nyama imetulia tuli, upande mzito chini, ikiungua. Mafuta yalidondokea makaa, moto ukalipuka, masizi yakaipaka nyama yote. Wageni walinyamaza kwa adabu, na kimya kile kilituuma kuliko kicheko.

Ndipo mjomba wetu, mzee aliyekuwa ameketi kivulini, alipoinuka. "Mwanangu," akasema, "chuma chako hakina kosa. Hukuiuliza nyama upande wake mzito ni upi."

Aliagiza chombo kiondolewe motoni na mnyororo ufunguliwe, kisha akauacha ufito uzunguke upendavyo juu ya nguzo. Upande wa mgongo ukashuka, ukatulia chini. Mzee akauchoma ufito upya, safari hii karibu na uti wa mgongo, akaufunga uti huo kwa waya. Kwa tofauti ndogo iliyosalia, alifunga kijiti cha chuma kilichoelekea upande mwepesi, na jiwe kwenye ncha yake. Akalisogeza jiwe mbele na nyuma mpaka ufito ukawa unatulia popote anapouachia. Kanuni yake yajulikana shuleni: kilo 1 iliyo sentimita 20 kutoka katikati hulingana na kilo 2 zilizo sentimita 10 upande wa pili. Kisha akayagawa makaa safu mbili, huku na huku, na katikati akaweka sinia la kukinga mafuta.

Sisi ni watunzi wa mashairi. Kwa miaka mingi tumehesabu mizani, nane huku na nane kule, na twajua kwamba mshororo uliozidi upande mmoja huchechemea mdomoni mwa msomaji. Ajabu ni kwamba neno hilo, ambalo sokoni hupimia nyama na katika ushairi hupimia sauti, hatukulikumbuka siku tulipolihitaji. Elimu yetu ilikuwa imekaa kwenye karatasi, na ya mzee ilikuwa viganjani mwake.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio lililotaka elimu ifungamane na kazi. Tulilisoma Azimio hilo na kulisifu. Maana yake hasa tulifundishwa Butiama, mbele ya mbuzi aliyeungua.

Nyama iliiva jioni. Vijana na wazee walipokezana mkono wa kuzungushia, na kila aliyeketi pale alikuwa na la kusimulia; hata watu wa ukoo wa bibi arusi, waliofika asubuhi wakiwa wageni, walishika zamu yao. Ipo mitambo ya umeme inayozungusha nyama bila mtu. Hatuilaumu, lakini haiwakalishi watu pamoja. Mapande yaliyoungua tulijigawia sisi wenyewe, tukayala bila kulalamika.

Basi, walimu, mkipata vyuma vikuukuu, undeni chombo hiki pamoja na wanafunzi wenu. Wahesabu meno, wapime jiwe, na kabla ya kuwasha moto wamwite mzee mmoja wa kijiji awaangalie. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.