Mifuko Uliyoiacha Mlangoni

Kongowea, Mombasa

Mwanangu,

Sisi wazima. Mama yako mguu umempa nafuu, na kaka yako bado anatafuta kazi huku akilala mpaka saa nne.

Nakuandikia kwa jambo nililolisikia, na unajua nimelisikia kwa nani, usimgombeze. Ati ulipohama chumba huko Leicester ulijaza nguo na vyombo kwenye mifuko ya taka, ukaibwaga usiku mbele ya duka la hisani lililofungwa, mvua inanyesha, ukaenda zako. Ukasema, "Ni sadaka, watachambua wenyewe."

Watachambua akina nani? Wengi wa wanaofanya kazi kwenye maduka hayo ni watu wa kujitolea, aghalabu wazee kama mimi. Ndio wanaofungua mlango asubuhi wakakuta mbweha ameshachana mfuko na kikombe kimevunjikia ndani ya blauzi. Kilichoharibika kabisa, shirika lenye duka hulipa kukitupa, na pesa hizo ni za yule mhitaji uliyedhani unamsaidia.

Sisemi ya kuambiwa. Nguo zinazowashinda kuuza huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zikafungwa marobota, na nyingine ndizo hizi zinazoshuka Kilindini. Ada ya baba yako ilitoka kwenye meza yangu ya mitumba hapa Kongowea, ingawa mbele ya wageni husema dada yake alikuwa "na biashara ya nguo". Haya.

Mwaka baba yako alipoingia kidato cha tatu nilichukua pesa za chama nikanunua robota la magauni. Robota hulifungui kwanza. Unalipa, unakata kamba, ndipo unaijua bahati yako. Siku ile harufu ilitoka kabla ya nguo. Mtu huko alitoa nguo mbichi, ukungu ukapanda kutoka moja hadi nyingine. Juu kabisa palikuwa na gauni la zambarau, kamera yenyewe, yaani daraja la kwanza, la kuuzwa bila kupatana. Nikaligeuza: mgongo mzima madoa meusi. Nikalisugua kwa ndimu na chumvi, nikalianika, madoa yakabaki. Robota zima likaenda kwa bei ya fagia, watu wameinama wanapekua na kuziba pua. Bangili zangu zikalipa chama. Baba yako alipanda basi na ada yake mfukoni, wala hakuuliza imetoka wapi. Hajauliza hadi leo.

Kwa hiyo fua, kausha mpaka kwenye mishono, kunja. Viatu vifunge pamoja kwa kamba zake, kiatu kimoja hakina mteja. Peleka duka likiwa wazi, mkabidhi mtu mkononi, na akikwambia ghala limejaa usinune, rudi siku nyingine. Vitu vya umeme uliza kwanza, maana havitauzwa bila kupimwa usalama. Sofa likikatwa ile lebo ya moto hawalichukui hata liwe jipya. Viti vya gari vya watoto wengi hukataa. Na kwa kuwa sasa unakatwa kodi, jaza fomu ya Gift Aid: kwa kila pauni watakayopata kwa vitu vyako, serikali huwaongezea peni 25. Kusaini tu huko.

Kama lengo ni kupunguza mzigo, sema ni mzigo, upeleke kwenye jalala la manispaa. Usiuite sadaka. Umesoma madrasa, unajua Al-Baqara imesema nini juu ya kutoa kile ambacho mwenyewe usingekipokea.

Swala usiache. Pesa usimkopeshe mtu kwa aibu. Habari za yule kijana mama yako anazo, jiandae.

Baridi ikianza vaa lile koti la sufu nililokutolea robotani, walililia wateja nikakataa kuliuza. Kama nalo lilikuwa ndani ya mifuko ile, usiniambie.

Shangazi yako