Msimu wa Kusi

Mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, huangukia Juni, na kisiwani Mafia mwezi Juni ni wa kusi. Upepo unavuma mchana kutwa kutoka upande wa Kilwa, minazi inainamia kaskazini, na wenye vyombo vidogo wanavipandisha pwani wakisubiri kutulie. Mpira wa miguu unachezeka katika hali hiyo. Kwenye mpira wa wavu, upepo unaamua nusu ya pointi.

Naanza na upepo kwa sababu watu wa Kilindoni wanapoukumbuka ule ubingwa wetu wa wilaya wa mpira wa wavu husema tulikuwa na wasichana warefu. Hatukuwa nao. Aliyekuwa mrefu kwetu alikuwa mmoja, naye alicheza nyuma kwa sababu alijua kupokea kuliko kupiga. Tulikuwa na uwanja uliokaa mahali pa wazi, na tulikuwa na wazee waliokubali tucheze. La pili lilikuwa gumu zaidi kulipata.

Ilikuwa enzi za Kikwete, kabla Kilindoni haijapata gati. Dada zetu waliotutangulia hawakuyaona mashindano hayo, maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilifutwa nchi nzima, na dada yangu alimaliza kidato cha nne bila kuvaa jezi hata mara moja. Sisi tulikuta mambo mawili yamegeuka. Michezo imerudishwa, na ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004 umeleta sekondari za kata. Kisiwa kilichokuwa na sekondari chache mno sasa kikawa na shule za kutosha kushindana zenyewe kwa zenyewe. Bila shule za kata pasingekuwa na ubingwa wa kugombea.

Uwanja tuliujenga sisi, pamoja na mwalimu wetu wa hesabu, kijana aliyetoka bara ambaye alikuwa ameucheza mchezo huo chuoni. Nguzo zilikuwa boriti za mikoko. Wavu ulikuwa kipande cha jarife kuukuu alichokitoa baba wa mwenzetu. Macho ya jarife ni mapana, lakini mpira haupenyi. Mistari ilikuwa kamba za usumba tulizozisokota majumbani, tukazikaza mchangani kwa vigingi, mita 18 kwa 9. Urefu wa wavu kwa wanawake ni mita 2.24, na mwalimu hakutaka tukadirie kwa macho. Aliazima futi ya fundi cherehani, yenye sentimita 150, akapima futi yote kwanza, akaongeza sentimita sabini na nne, akafunga uzi mwekundu kwenye nguzo zote mbili. Kila asubuhi kabla ya mazoezi mmoja wetu alitumwa kukaza jarife mpaka lifike kwenye uzi, kwa kuwa umande wa usiku ulililegeza.

Mpira ulikuwa mmoja, kwa hiyo mazoezi yetu mengi yalikuwa ya kupokea: mmoja anaanzisha, wote waliobaki wanapokea kwa zamu. Nadhani hapo ndipo tulipopata ufundi ambao wenzetu hawakuwa nao. Mwalimu alituambia habari za wanawake wa Kenya waliokwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na ya Athens mwaka 2004, kwamba wale nao walianza kama sisi, wasichana wa shule. Kwetu Athens palikuwa mbali, lakini Kenya tuliijua. Meli na majahazi ya Mombasa yalikuwa ndani ya hadithi za mababu zetu.

Kisha zikaja habari za mavazi na safari. Baadhi ya wazazi walisikia kwamba watoto wao watavaa bukta mbele za watu, wakawazuia kubaki shuleni jioni. Mwalimu hakubishana na mtu. Alimchukua mwalimu wa Kiswahili, mama mwenyeji wa Baleni ambaye ndiye angekuwa matroni wetu, wakaenda nyumba kwa nyumba baada ya alasiri. Kwetu walipokelewa barazani.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwalimu. Karibuni mkekani."

Baba aliwaacha waeleze mpaka wakamaliza. Suruali ndefu za traksuti, fulana za mikono mirefu, mitandio imefungwa vizuri. Hapo hakuwa na neno. Swali lake lilikuwa jingine.

"Na wakishinda hapa, huko Kibaha watalala wapi?"

"Watalala bwenini, kaka yangu, nami nitalala mlangoni kwao," matroni akajibu.

Baba akanyamaza. Bibi yangu, aliyekuwa ndani akichambua mchele, akasema bila kutoka: "Mwanangu, mimi nilivuka Chole kwenda ngomani nikiwa mdogo kuliko huyu. Nilirudi salama, nikakuzaa wewe. Mwache mtoto."

Nimewashukuru watu wengi maishani, lakini huyo bibi namshukuru kuliko wote. Aliporuhusiwa mmoja, mama wa pili alipata la kumwambia mumewe, na wa tatu vivyo hivyo. Wiki iliyofuata timu ikatimia.

Mechi za mwanzo tulizipita haraka, sina mengi ya kusema juu yake. Fainali ilichezwa Kilindoni dhidi ya timu ya upande wa kaskazini wa kisiwa, na wale walikuwa na mpigaji ambaye mpaka leo sijamwona mfano wake kwa nguvu za mkono. Seti ya kwanza walichukua wao, ya pili tukachukua sisi. Ya tatu ilikuwa ya pointi 15, ambapo timu hubadilishana pande moja inapofika 8.

Mtu asiyeuzoea uwanja wa wazi hudhani upande mzuri ni ule wenye upepo mgongoni. Sivyo. Upepo ukikusukuma, sevisi yako inakwenda moja kwa moja mpaka nje. Ukiuelekea upepo unaweza kupiga kwa nguvu zako zote, nao mpira unakwama hewani na kudondoka ghafla mbele ya mpokeaji. Tulikuwa nyuma kwa 8 kwa 6 tulipogeuzwa kuielekea kusi. Sevisi iliporudi kwetu, nahodha wetu alishika mpira, akatutazama, akacheka. Akaanzisha sevisi ambazo wenzetu walizikimbilia nyuma wakati mpira unaanguka mbele. Yule mpigaji wao hakupata mpira wa kupiga, kwa maana hakukuwa na pasi ya kumfikia. Tukamaliza kwa 15 kwa 11. Mama zetu, waliosema wanakuja kutazama kidogo tu, walipiga vigelegele mpaka mwamuzi akapoteza filimbi yake kwenye msongamano.

Watano kati yetu tulichaguliwa kwenye timu ya wilaya. Tuliondoka Kilindoni usiku maji yalipojaa, tukaingia baharini mpaka kiunoni kuufuata mtumbwi uliotupeleka kwenye mashua, mpira umefungwa ndani ya kanga. Kusi ilitupiga ubavuni hadi alfajiri, karibu wote walitapika, kisha mashua ikaingia mkondo wa Nyamisati kati ya mikoko na bahari ikatulia. Bungu, Mbagala, Kibaha. Huko uwanja ulikuwa wa saruji, umekingwa na miti, hakuna upepo hata wa kupeperusha mtandio. Bagamoyo wakatufunga, Rufiji tukawafunga, na safari yetu ikaishia hapo. Hatukuona aibu.

Leo Kilindoni kuna gati, na kivuko cha MV Kilindoni kinakwenda Nyamisati. Mtoto wa Mafia anafika Kibaha nguo zake zikiwa kavu. Lakini shule nyingi bado hufunga wavu Mei na kuufungua Juni mashindano yakiisha, na msichana asiyechaguliwa hapati mpira tena mpaka mwaka unaofuata. Wakuu wa shule, na ninyi wa halmashauri, uacheni wavu usimame mwaka mzima. Jarife na boriti zinapatikana hapo hapo pwani.