Babu Alikuwa wa Pili



Wakati wa likizo nilienda ku mugini wetu, huko Lubero, kuandika majina ya jamaa. Kwetu Wanande jina lenyewe linahesabu. Mwanaume wa kwanza ni Paluku, ao Mumbere, ao Nzanzu. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa ine Kakule. Babu alikuwa Kambale. Basi nikauliza: mukubwa wake iko wapi? Watu wakanyamaza.

Ku kitabu cha ubatizo babu ni Yakobo Kambale. Ku karata yake ya Zaire Yakobo haiko, sababu mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya kizungu. Lakini mukubwa wake haandikwe popote.

Dada ya babu, mzee sana, aliniita jioni. «Mujukuu, alikuwa Mumbere. Surua ilimuua mbele aanze kutembea. Mama alitukataza kumutaja.» Akalia. Nikaandika Mumbere mbele ya babu.

Babu mwenyewe sikumuuliza kamwe. Alikufa nikiwa huku masomoni. Wandugu, vitabu vinangoja, wazee hawangoje. Muwaulize likizo hii.

Kapita wenu, mwaka wa sita