Sehemu ya 4: Amelala, au amezidiwa?

Baridi ya Julai imetukamata na inbox yangu imejaa swali moja: "Sista, mtoto anakohoa usiku kucha, nimpe Piriton?"

Ngoja nikwambie ya kwangu. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi 9, tumeenda Mafinga kwa mama mkwe. Baridi ile unaijua. Madirisha yamefungwa, jiko la mkaa liko chumbani. Mtoto mafua, kikohozi, kilio. Mama akatoa chupa ya Piriton ya maji aliyobakiza mjukuu mwingine. Mimi nesi mzima na diploma yangu, nikaona aibu kumbishia mama wa watu. Nikampa mtoto kijiko. Baada ya muda, kimya. "Si unaona, dawa imemkubali," mama akasema. Nikashukuru, nikalala.

Alfajiri namfunua nimnyonyeshe, hataki ziwa. Kila akivuta hewa, kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani. Nikahesabu pumzi: 64 kwa dakika. Nimonia. Tulikaa wodini siku 4, na oksijeni puani.

Piriton inazuia histamini, ile kemikali ambayo mwili unaimwaga ukipata aleji: muwasho, chafya, makamasi. Inafika mpaka kwenye ubongo, ndiyo maana inaleta usingizi. Haiui bakteria wa nimonia wala haifungui kifua kilichobana. Kwa hiyo mwanangu hakupona usiku ule, alinyamazishwa tu. Aliye chini ya miaka 2 usimpe bila kuandikiwa na daktari. Na hili linanikera kweli: dawa nyingi za maji za kikohozi na mafua zina Piriton hiyohiyo ndani. Soma maandishi madogo, ukiona jina linaloanza na "chlorphen", ndiyo yenyewe. Ukimpa zote mbili umemzidishia.

Sasa chukua simu, weka dakika moja kamili. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue tumbo, kila likipanda hesabu moja. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50. Mwaka 1 mpaka 5, 40. Ikifika hapo, beba mtoto uende kituoni, usiku huohuo. Na kama kifua kinabonyea, hanyonyi, ana degedege au haamki vizuri, usipoteze muda kuhesabu.

Jiko la mkaa litoke nje. Najua baridi, ila litoke.

Juzi mama mkwe kanipigia kutoka Mafinga, yuko na mjukuu wa miaka 3. "Mama, nimehesabu 34, nimpeleke?" Nikamuuliza kifua kinabonyea? Hapana. Anakula? Uji kamaliza. Basi mpe vya uvuguvugu, hesabu tena jioni.

Saa 12 jioni kapiga mwenyewe: 30.