Mwamba wa Chumbe, Kaskazi ya 1998

Mimi ni mtoto wa mjini Unguja, na hadi nafika kidato cha pili samaki wote niliowajua walikuwa wamekufa. Nilimjua changu kwa mifupa yake, tasi kwa miiba yake inayomchoma kidole mparaji asiye makini, na pono kwa magamba makubwa yanayorukia ukutani ukimpara. Baba alikuwa akinunua mnadani Malindi, jirani na bandari, akirudi na mtungo mkononi, na kazi ya kupara ilikuwa yangu. Ningeweza kukutajia samaki kwa kumgusa gizani.

Bahari yenyewe tuliiona kila siku ya Mungu, lakini kwa juu. Wavulana walijirusha Forodhani kutoka ukutani, mchezo ambao siku hizi watalii huupiga picha na kuuita makachu kama wenyeji. Sisi wasichana tulikaa na bakuli la urojo tukiwatazama. Hata kule Paje na Jambiani, ambako wanawake wamekuwa wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, wengi waliingia majini maji yakipwa, wakafika kiunoni, wakarudi nchi kavu yakianza kujaa. Kuogelea hakukuwa jambo letu. Hakuna aliyelikataza kwa maneno. Lilikuwa halitajwi tu.

Ndipo mwalimu wetu wa bayolojia akatangaza kwamba darasa letu litapelekwa Chumbe, siku nzima, na kwamba tutaingia majini.

Chumbe ni kisiwa kidogo, kama kilomita 12 kusini ya mji. Kina mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, msikiti mdogo pembeni yake, na msitu wa maweni uliofunika sehemu kubwa iliyobaki. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi, pasivuliwe kitu. Uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi iliyoanzishwa na mama wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller. Mjini watu walinong'ona, nami nilizisikia nong'ono hizo barazani kwetu: mzungu kapewa kisiwa, wavuvi wamefukuzwa. Wachache walisema pia kwamba walinzi wa kisiwa hicho walikuwa wavuvi walewale.

Bibi alipinga safari. "Mtoto wa kike anaendea nini chini ya maji?" aliuliza, na hakutaka jibu. Mwalimu akaja mwenyewe jioni, akaketi barazani, akanywa kahawa, akamwita bibi "bi mkubwa" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwisho mama akakata shauri: niende, ila nivae hadi kwenye vifundo vya miguu na nisivue mtandio. Bibi akanyamaza kwa namna ambayo sote tuliielewa.

Ramadhani mwaka ule iliisha mwishoni mwa Januari, na safari ikawa Februari 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimeleta mafuriko kote Afrika Mashariki miezi michache nyuma, lakini asubuhi ile kulikuwa kweupe. Kaskazi ilivuma kidogo tu. Tuliipanda boti ya mashine kutoka pwani ya Mbweni kwa kuingia majini hadi mapajani, viatu mkononi na vikapu kichwani, na kabla hatujaondoka nusu ya darasa ilikuwa imeshalowa na kucheka.

Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima, mweusi wa jua, vidole vyake vimejaa makovu ya mishipi. Tulimwamkia, akatuitikia, na tangu hapo tukamwita Ami. Jina lake silitaji. Alitukalisha chini ya makuti katika nyumba iliyokuwa ya mlinzi wa taa, akatupa masharti. Usikanyage tumbawe. Usiguse. Usiokote hata kombe tupu. Kisha akasema tumbawe ni mnyama.

Mwenzetu mmoja akainua mkono. "Ami, sisi nyumba yetu ya Shangani imejengwa kwa matumbawe."

"Naam," akasema. "Mnalala ndani ya mifupa."

Alitugawia miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, akatuamuru tuteme mate kwenye kioo na kukisuuza ili kisifanye ukungu. Tulicheka mpaka akakasirika. Mapezi ya miguuni aliwanyima wale wasiojua kuogelea, nami nikiwamo, akisema tutayavunja matumbawe kwa mateke. Badala yake alileta boya la duara lenye kamba pande zote. Wanne wanne tulishika kamba, tukalaza vifua juu ya maji, naye akatuvuta.

Pumzi ya kwanza kwa mdomo ndiyo iliyonitesa. Mwili unakataa. Uso uko majini, kila kitu ulichofundishwa tangu utotoni kinakuambia ufunge mdomo, na mtu anakuamuru uvute hewa. Nilimeza maji ya chumvi, nikakohoa, nikaapa sirudi. Ami hakunibembeleza. Aliniambia nisimame kwenye mchanga palipo na kina kifupi, niinamishe uso tu, nihesabu hadi kumi. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kufika mara ya tatu nilikuwa nimesahau kuhesabu.

Niliusikia mwamba kabla sijauona. Watu hudhani chini ya bahari kuna kimya. Chumbe siku ile kulikuwa na kelele, vipasuko vidogo visivyokoma vya kamba wafyatuao makucha yao mapangoni, na juu yake sauti kavu ya kitu kinachotafuna. Kisha mchanga ukaisha na chini yangu kukafunguka.

Matumbawe ya pembe yalisimama kwa wingi, mengine ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kahawa, mengine yenye ncha za samawati. Baina yake kulikuwa na yale yaliyotandaa bapa, moja juu ya jingine, na chini ya kila moja kivuli, na ndani ya kila kivuli jicho. Mtafunaji alikuwa pono. Pono niliyemjua mimi ni wa kijani iliyochujuka, amelala juu ya gunia. Huyu alikuwa na mistari ya waridi kuzunguka mdomo, mgongo wa samawati, na mkia uliong'aa kila alipogeuka. Alikuwa akiuma mwamba wenyewe. Nilimwona akiuma, akaenda kidogo, na nyuma yake likamtoka wingu jeupe likaanguka taratibu. Ami alitunyanyua vichwa akatueleza: pono hukwangua mwani na vijidudu kwenye mwamba, akausaga kwa meno yake ya kooni, na anachokitoa ni mchanga. Sehemu kubwa ya huo mchanga mweupe tunaojivunia pwani zetu imepita tumboni mwake. Msichana aliyekuwa karibu nami akasema "Astaghafirullah" ndani ya mrija, na hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia likisemwa chini ya maji.

Baada ya hapo hofu iliisha ikabaki zogo. Mwalimu alikuwa na kadi ya plastiki yenye picha za samaki na majina ya Kiingereza na Kilatini, akihangaika kuisoma kwenye mwanga unaocheza. Sisi hatukuihitaji. "Tasi!" tulipiga kelele kwa mirija. "Kitatange, wawili! Chewa, yule pale, chini!" Jiko lilikuwa limetusomesha miaka yote ile bila kutuambia lilikuwa linatuandaa kwa nini. Tulichokosa ni kuwajua walivyo hai: kwamba aina nyingi za kitatange hutembea mume na mke, kwamba tasi hula kwa makundi, kwamba chewa anaweza kukaa mahali pamoja mdomo wazi akikutazama bila kujishughulisha nawe. Ami alitujazia hayo. Alikuwa akimwita kila samaki kwa jina la kwetu, kisha anasema huvuliwa kwa chombo gani, dema au mshipi, na zamani aliuzwaje.

Kasa wa aina ya ng'amba alipita pembezoni mwa mwamba. Mimi nakumbuka mmoja. Rafiki yangu wa wakati ule, ambaye sasa ana wajukuu, anashikilia kuwa walikuwa wawili, na kila tukikutana harusini tunaligombania jambo hili. Mwalimu, alipoulizwa miaka iliyofuata, alisema hakumwona hata mmoja kwa kuwa alikuwa akihesabu vichwa vyetu.

Maji yalikuwa ya moto. Silisemi hili kwa kujifanya nilijua lolote. Kaskazi maji ya Unguja huwa ya moto kila mwaka, na sisi tulishukuru kwamba hatukutetemeka.

Mchana tulisali adhuhuri kwenye msikiti ule mdogo, tukapanda mnara, tukala wali wa nazi na samaki. Kuna aliyeuliza kama ni haki kumla mtu uliyetoka kumsalimu. Hakuna aliyeacha sahani.

Wakati wa kungoja boti ndipo Ami alipozungumza. Alikuwa amevua hapo hapo, alisema, yeye na baba yake, kwa dema na mshipi. Wakaja wengine na juya la kigumi, wanaopiga mwamba kwa magongo ili samaki watoke waingie wavuni. Kwingineko walitumia baruti. Alipoambiwa aache kuvua apewe sare ya ulinzi, wenzake kijijini walimwita kila jina. Aliwajibu kwa kuwaonyesha ngalawa zilizojipanga nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. "Kama ndani hamna kitu," aliwauliza, "wale wanangoja nini pale?"

Kiasi cha miezi miwili baadaye, masika imeanza, nilimkuta Ami sokoni Darajani. Nilimuuliza habari za kisiwa. Alitazama pembeni. "Yamekuwa meupe," akasema. "Utadhani yamemwagiwa chokaa."

Sikumwelewa. Siku hizi namfundisha mtoto wa kidato cha pili jambo hilo kwa dakika kumi. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao humpa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Joto la bahari likizidi kama nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, likadumu wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo. Hubaki nyama inayopitisha mwanga juu ya mfupa mweupe. Joto likishuka mapema, hupona. Likikaa, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 lilikaa. Bahari ya Hindi ya magharibi iliumia kuliko karibu sehemu nyingine yoyote, na makadirio yaliyotolewa baadaye yalisema dunia ilipoteza takriban asilimia 16 ya matumbawe yake katika tukio lile moja.

Hatukuwa na picha hata moja. Kamera ya filamu ilikuwa kitu cha harusi, na ya kuingia majini hatukupata kuiona. Watafiti wana vipimo vyao, nami naviheshimu. Lakini upande wetu, sisi wenye bahari, ushahidi wa mwamba ule kabla haujapauka umo vichwani mwa wavuvi wachache na wasichana wa darasa moja wanaobishana kuhusu ng'amba.

Nilirudi Chumbe nikiwa mwalimu, na darasa langu. Palikuwa na matumbawe machanga yaliyoota juu ya yale yaliyokufa, mengine madogo kuliko kiganja, na pono walikuwapo. Tangu hapo joto limerudi tena, 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia iko katika upaukaji mkuu wa nne kurekodiwa. Mwamba ambao samaki wake hawavuliwi ovyo una nafasi nzuri zaidi ya kujirudi, kwa sababu samaki wala mwani huuweka safi ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Haukingiki na joto. Hakuna mlinzi wa kuzuia maji ya moto.

Nimekwenda pia safari za visiwa vingine, zile za kuuziwa ufukweni. Sizitaji. Nimeona nanga ikitupwa juu ya matumbawe hai, mkate ukirushiwa samaki ili mgeni apate picha, na mtu mzima amesimama juu ya tumbawe kufunga mapezi yake huku kiongozi akitazama simu. Kwa maoni yangu kiongozi asiyeweza kumwambia mgeni "shuka hapo" hastahili kulipwa, hata awe mchangamfu namna gani.

Na bado nakutana na wasichana wa kidato cha nne, waliozaliwa hatua mia kutoka baharini, ambao hawajawahi kumwona pono akiwa hai. Walimu wakuu wa skuli za Unguja, Chumbe bado hupokea safari za wanafunzi. Ombeni nafasi mapema, tazameni kalenda ya maji kabla ya kupanga siku, nendeni wenyewe barazani mkazungumze na mabibi. Wala msiwaache nyuma wasiojua kuogelea, kwani boya liliwekwa kwa ajili yao.