Tuta la Susu

Wapitao barabara ya Mombasa huijua Salama kwa malori yaliyoegeshwa na mahindi ya kuchoma. Mimi niliijua kwa mteremko wa susu, nyanya yangu, na matuta yake yaliyoshuka kama ngazi hadi mtoni.

Matuta ya juu, alisema susu, yalichimbwa kwa amri ya mkoloni, chifu kasimama na fimbo. Serikali hiyohiyo ilidai ng'ombe wa Wakamba ndio wanaomaliza udongo, ikawanyang'anya. Ndipo mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kudai mifugo yao, naye akaishia kuhamishiwa Lamu. Haikushangaza kwamba uhuru ulipokuja, wengi waliyaacha yabomoke.

Ya chini yalikuwa yake. Yalichimbwa na mwethya: akina mama wa kijiji, leo shamba la huyu, kesho la yule, kwa majembe na nyimbo. Kamba ilipimia usawa, mtaro ukakata mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu. Wakaiita fanya juu, na jina hilo la Kiswahili leo limo katika vitabu vya wataalamu wa ng'ambo. Juu ya tuta walipanda nyasi za makarikari. Mizizi ikashika udongo, ng'ombe wakala majani. Mvua baada ya mvua, udongo ulijikusanya nyuma ya tuta mpaka mteremko ukawa vidato.

Mvua ikinyesha usiku, susu alitoka na kandili na jembe kuziba penye ufa. Asubuhi tulikuta maji yametulia mtaroni, ardhi ikiyanywa taratibu. Kiangazi tulifukua mchanga wa mtoni kwa mikono, na maji yakaja.

Shamba lilipofika mikononi mwangu, nilikuwa mkulima wa simu, nimekaa mjini. Dereva wa trekta akalalamika kwamba matuta yanamzuia kugeuza. Nikamwambia ayapitie. Msimu wa kwanza nilijisifu: mistari ya ndengu imeongezeka. Msimu wa tatu, mvua ya Novemba ilichimba korongo ambalo mbuzi hawezi kuliruka, na penye ndengu pakabaki changarawe.

Mtoni nako malori yalizoa mchanga. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda, na nilifurahi sana kuwa na wa kumlaumu. Lakini udongo wangu haukubebwa na lori.

Mwaka huu nimeanza kuchimba upya. Mwethya sikuuitisha, mtu asiyewahi kuchimba kwa mwenzake atamwita nani? Nawalipa vijana kwa mita. Juzi mmoja, jasho likimtiririka, aliniuliza, "Mzee, kwa nini tuhangaike kuutupa udongo juu? Si ungeshuka wenyewe tukiutupa chini?"

"Ungeshuka," nikamjibu. "Wangu ulishuka."